Hamira na Bakteria Wanaotuliza Mchochota wa Utumbo

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji faida ya kiafya. Ndivyo walivyokubaliana wataalamu wa FAO na WHO waliokutana Córdoba, Argentina, mwaka 2001, na ndani ya maneno hayo machache kuna masharti matatu: kijidudu kiwe hai kinapomezwa, kiwe kingi vya kutosha, na faida yake iwe imeonekana kwa watu waliopimwa. Bidhaa nyingi za madukani zenye jina hilo hukwama kwenye sharti la tatu.

Mchochota wa utumbo nao ni hali ya ukuta wa utumbo kuwa mwekundu, kuvimba, na pengine kutoka vidonda na damu, kwa sababu kinga ya mwili inapigana na adui aliyeingia au imeanza kupigana bila adui anayeonekana. Vijidudu vilivyothibitika kuituliza hali hiyo ni vichache sana, na kila kimoja kina ugonjwa wake. Kinachosaidia ugonjwa mmoja huweza kupita bure katika mwingine.

Kujua kwanza ni mchochota gani

Afrika Mashariki kila tumbo linalosumbua kwa muda huitwa amiba au taifodi, na mgonjwa huweza kumeza dawa za aina tatu kabla ya kinyesi chake kuwekwa chini ya hadubini hata mara moja. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mwenye amiba ya kweli akidhaniwa ana kolitisi ya vidonda na kupewa prednisolone, dawa ya kushusha kinga, utumbo mpana waweza kutanuka na kutoboka. Kwa hiyo choo chenye damu au kamasi kipimwe amiba na bakteria wa kuhara damu, na kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria kipimwe pia kichocho cha matumbo. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana mno na ugonjwa wa Crohn, hata kwa daktari anayetazama kwa kamera. Hakuna probiotiki inayotibu mojawapo ya haya.

Maambukizi yakishaondolewa kwenye orodha, hubaki makundi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni magonjwa ya mchochota sugu, yaani kolitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana peke yake, na ugonjwa wa Crohn, unaoweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. La pili ni utumbo nyeti: maumivu, gesi, kufunga choo au kuhara, lakini ukuta wa utumbo hauna kidonda. Kipimo cha kalprotektini hutofautisha makundi haya vizuri. Hiyo ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizokusanyika utumboni, nayo hupimwa kwenye kinyesi. Ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu moja, mchochota hauelekei kuwapo. Ikipita 250, mara nyingi ugonjwa umeamka. Namba hiyo ichukuliwe kabla ya kuanza probiotiki yoyote, kwa sababu bila namba ya mwanzo hakuna wa kusema baadaye kama kitu kimebadilika au mgonjwa amezoea tu.

Kazi ya vijidudu ndani ya utumbo

Utumbo mpana una matrilioni ya bakteria, na wengi wao huishi kwa kula nyuzinyuzi ambazo mwili wa binadamu hauwezi kusaga. Mabaki ya mlo wao ni asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandaza utumbo mpana: seli hizo hupata humo takribani asilimia 70 ya nguvu zake. Butireti pia huzipa chembe za kinga ishara ya kupunguza makali. Katika ugonjwa wa Crohn bakteria mmoja mtengenezaji butireti, Faecalibacterium prausnitzii, hupungua sana. Bahati mbaya hufa akiguswa na hewa, na ndiyo maana ni vigumu kumtia kwenye kidonge.

Vijidudu vya dukani vina njia nyingine. Vingine huteka nafasi na chakula ambavyo vingechukuliwa na bakteria wabaya, vingine hubana viungo kati ya seli ili sumu zisipenye ukutani, na vingine huongeza kingamwili za aina ya IgA kwenye ute. Karibu vyote ni wapita njia. Mtu akiacha kumeza, baada ya siku chache au wiki chache havionekani tena kwenye kinyesi.

Hamira ya Boulard

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwanasayansi Mfaransa Henri Boulard alikuwa Indochina wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Aliona kwamba baadhi ya wenyeji walijitibu kuhara kwa maganda ya laichi, tunda la ukoo mmoja na shokishoki, na ya mangostini. Kutoka kwenye matunda hayo alitenga hamira ambayo leo huitwa Saccharomyces boulardii. Nasaba, yaani tawi la kijidudu ndani ya spishi yake, iliyochunguzwa zaidi ya zote ina alama CNCM I-745.

Sifa yake kubwa inatokana na kuwa hamira. Dawa za kuua bakteria, kama amoksilini au siprofloksasini, haziigusi, hivyo yaweza kumezwa siku ileile na saa ileile na dawa hizo. Hustawi katika nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, na hutoa kimeng'enya kinachokata sumu ya Clostridioides difficile, bakteria anayesababisha mchochota mkali wa utumbo mpana kwa watu waliotumia antibiotiki. Hapo ndipo ushahidi wake ulipo imara: kuzuia kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 250 hadi 500 mara mbili kwa siku. Ianzwe ndani ya siku mbili za kwanza za antibiotiki, kwani ikicheleweshwa faida hushuka, na iendelee siku kadhaa baada ya antibiotiki kwisha. Wanaotibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa mchanganyiko wa dawa tatu au nne hunufaika vivyo hivyo: hupata kuhara kidogo, na hivyo humaliza dozi badala ya kuiacha katikati.

Kwa ugonjwa wa Crohn habari ni tofauti. Jaribio dogo la Italia la mwaka 2000, lenye wagonjwa 32, lilileta matumaini makubwa. Ufaransa ikarudia na wagonjwa 165 waliotumia gramu 1 kwa siku kwa mwaka mzima, na matokeo yaliyotolewa 2013 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana na wale waliopewa kidonge kitupu. Bado kuna vifungashio vinavyojinadi kwa lile jaribio la kwanza.

Kisayansi hamira hii ni ya spishi moja na hamira ya kuumulia maandazi, Saccharomyces cerevisiae, na hapo huzaliwa ushauri wa mtaani wa kukoroga kijiko cha hamira ya mkate kwenye maji ya vuguvugu na kunywa. Ushauri huo hauna msingi. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kutoa gesi haraka ndani ya unga, na hufurahia joto la chini kuliko la mwili. Anayeinywa huambulia tumbo kujaa. Isitoshe, wagonjwa wengi wa Crohn wana kingamwili dhidi ya Saccharomyces cerevisiae katika damu yao, kiasi kwamba kipimo cha kingamwili hizo hutumika kusaidia kuutambua ugonjwa.

Bakteria wa Nissle

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Alfred Nissle wa Freiburg, Ujerumani, alimchunguza askari ambaye hakuharisha ingawa wenzake walikuwa wakiugua kuhara damu. Kwenye kinyesi chake alipata Escherichia coli wa nasaba isiyodhuru, na bakteria huyo anaitwa hadi leo E. coli Nissle 1917. Hakuna mfano bora wa uzito wa nasaba: spishi hiyohiyo ina nasaba zinazoua watoto kwa kuhara.

Nissle hutumika kwa kazi moja mahususi, nayo ni kukifanya kipindi cha utulivu cha kolitisi ya vidonda kirefuke. Katika jaribio lililochapishwa 2004, wagonjwa 327 walifuatiliwa kwa miezi 12. Ugonjwa uliwarudia asilimia 36 ya waliotumia Nissle na asilimia 34 ya waliotumia mesalazine, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake unakataa mesalazine, hilo ni jambo kubwa. Lakini ni dawa ya wakati wa utulivu. Alipojaribiwa Denmark kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeamka, baada ya wiki moja ya siprofloksasini au ya kidonge kitupu, Nissle hakuwasaidia, na katika baadhi ya makundi waliotulia walikuwa wachache kuliko miongoni mwa ambao hawakumpata. Wanasayansi pia wanamtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ana jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoweza kuharibu DNA. Hiyo ni sababu ya kumtumia chini ya daktari na kutomfanya kinywaji cha kila siku cha mtu mzima mwenye afya.

Mchanganyiko wa nasaba nane

Mtaliano Claudio De Simone alibuni mchanganyiko wa Lactobacillus nne, Bifidobacterium tatu na Streptococcus thermophilus mmoja, kwa wingi ambao haukuwa umezoeleka: bilioni 450 katika pakiti moja. Ushahidi wake wa kuvutia kuliko wote unahusu watu walioondolewa utumbo mpana wote na kutengenezewa mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba. Mfuko huo hupata mchochota mara kwa mara. Huko Bologna, wagonjwa 40 ambao walikuwa wametulizwa kwanza kwa antibiotiki waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa kwa miezi tisa. Wa kidonge kitupu waliugua tena wote 20. Wa mchanganyiko waliugua 3. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2000, na ni nadra kuona pengo la namna hiyo katika tiba ya utumbo. Utaratibu wake uzingatiwe: antibiotiki hutangulia kuuzima mchochota, probiotiki hufuata kuuzuia usirudi.

Katika kolitisi ya vidonda ya wastani, jaribio la India la 2009 lenye watu 147 lilionyesha asilimia 43 wakitulia baada ya wiki 12, dhidi ya asilimia 16 ya wale wa kidonge kitupu. Dozi ilikuwa matrilioni kwa siku, pamoja na dawa za kawaida za mgonjwa. Anayenunua kidonge cha bilioni 5 akitarajia matokeo hayo amenunua kitu kingine kabisa.

Mnunuzi wa mchanganyiko huu ana tahadhari moja ya ziada. Tangu 2016 baada ya mgogoro wa kibiashara, fomula ya De Simone yenyewe inauzwa kwa majina ya Visbiome na Vivomixx, na bidhaa iliyobaki na jina la zamani, VSL#3, ina yaliyomo tofauti. Tafiti za zamani zinataja jina la zamani.

Kusoma lebo

Lebo ya kuaminika ina jina lenye sehemu tatu: jenasi, spishi, kisha herufi na namba za nasaba, mathalani Lacticaseibacillus rhamnosus GG. Mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa, kwa hiyo bakteria huyohuyo huonekana kwenye boksi moja kama Lactobacillus rhamnosus na kwenye lingine kwa jina jipya. Kinachotazamwa ni zile herufi za mwisho. Boksi lisemalo tu "bakteria wazuri bilioni 50" lirudishwe kwenye rafu.

Idadi ya vijidudu iwe imehakikishwa hadi tarehe ya mwisho ya matumizi. Ile ya siku ya kutengenezwa haimsaidii mnunuzi. Hapa joto la pwani huingia kwenye hesabu. Boksi lililosafiri kwa meli, likakaa bandarini, kisha likawekwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, limepoteza vijidudu njiani hata kama tarehe bado. Hamira iliyokaushwa kwa baridi hustahimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, jambo ambalo Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi halipatikani mwaka mzima. Bakteria wengi huhitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8. Duka la dawa lenye friji inayofanya kazi lina thamani kuliko lenye bei nafuu.

Unga wa pakiti ukorogwe kwenye maji baridi, maziwa au mtindi. Chai na uji wa moto huua kila kitu kilicholipiwa. Probiotiki ya bakteria itenganishwe na antibiotiki kwa saa 2 au zaidi. Ya hamira itenganishwe na dawa za fangasi kama fluconazole na nystatin, ambazo huiua. Gesi kidogo katika siku za mwanzo ni ya kawaida.

Mtindi, togwa na vya jikoni

Chakula kilichochachushwa na probiotiki si kitu kimoja. Kina vijidudu hai, lakini nasaba zake hubadilika kutoka chungu hadi chungu na nyingi kati yake hazijapimwa kwa ugonjwa wowote. Hata hivyo hakipaswi kudharauliwa. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford waliwapa watu wenye afya mtindi, mboga zilizochachushwa na vyakula vya jinsi hiyo kila siku kwa wiki kadhaa. Aina za bakteria utumboni ziliongezeka na protini 19 za mchochota katika damu zikapungua. Nchini Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa togwa kila siku walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuhara kwenye choo kuliko wa uji usiochachuka.

Togwa hupikwa kama uji mzito wa mahindi au mtama, huachwa upoe hadi vuguvugu, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi na kikombe cha togwa ya jana. Kimea huulainisha uji mbele ya macho: mwiko uliosimama huanza kuzama ndani ya dakika chache. Usiku kucha bakteria wa asidi ya laktiki huuchachusha uji hadi pH chini ya 4, kiwango ambacho bakteria wengi wa kuhara hawakiwezi. Ikichemshwa tena, usalama wa asidi unabaki lakini vijidudu vimekufa.

Mtindi wenye nasaba inayojulikana nao unapatikana. Mwanza, tangu 2004, kikundi cha akina mama kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada kimekuwa kikitengeneza mtindi wenye L. rhamnosus GR-1. Uganda, taasisi ya Yoba for Life husambaza chachu yenye bakteria aliyetokana na L. rhamnosus GG. Pakiti ya gramu 1 yatosha lita 100 za maziwa, na watengenezaji wadogo wa vijijini huuza mtindi wake kwa vikombe. Anayetengeneza nyumbani achemshe maziwa kwanza, ayapoze mpaka kidole kivumilie, ndipo atie chachu na kufunika chombo kwa blanketi. Hatua ya kuchemsha isirukwe kwa heshima ya mila. Mursik ya Wakalenjin na maziwa ya kibuyu ya Wamasai ni hazina ya bakteria wa laktiki, lakini yakitoka kwenye maziwa mabichi yaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauhakikishi kuviua.

Vijidudu vyote hivi vinahitaji chakula. Dona, maharage, ndizi za kupika na viazi vilivyopikwa vikapoa hupeleka nyuzinyuzi na wanga mgumu hadi utumbo mpana. Mwenye Crohn aliyeambiwa utumbo wake umebanwa mahali asiongeze nyuzinyuzi bila kumuuliza daktari, kwani huweza kuuziba.

Mtoto anayeharisha, badala ya kutegemea probiotiki, apewe maji ya ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Majaribio mawili makubwa ya Amerika Kaskazini ya 2018 hayakuona faida ya probiotiki kwa watoto wa namna hiyo, na lile la Blantyre, Malawi, la 2009 kwa watoto 795 wenye utapiamlo mkali halikuona ongezeko la waliopona.

Wasiopaswa kutumia

Kijidudu hai huweza kuingia kwenye damu. Mgonjwa mahututi, mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, aliyepandikizwa kiungo, anayepata dawa za saratani au mwenye kinga iliyoshuka sana asitumie hamira ya Boulard. Mamlaka ya dawa ya Ulaya imeipiga marufuku kwa makundi hayo baada ya hamira kukutwa kwenye damu ya wagonjwa. Hata pakiti isifunguliwe karibu na kitanda chao, kwa sababu vumbi lake hupeperuka na mikono huubeba unga hadi kwenye mrija. Uholanzi, jaribio la 2008 kwa wagonjwa wa kongosho lililovimba vibaya lilimalizika kwa vifo 24 kati ya 152 waliopewa probiotiki, dhidi ya 9 kati ya 144 ambao hawakupewa. Watoto njiti wapewe na hospitali tu. Anayetumia prednisolone ya dozi kubwa au sindano za kuzuia kinga kwa ajili ya Crohn au kolitisi aulize kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza.

Probiotiki haichukui nafasi ya mesalazine wala dawa nyingine iliyoandikwa. Huongezwa juu yake. Jaribio la wiki 8 hadi 12 latosha. Kalprotektini ipimwe tena katika maabara ileile: ikiwa haikushuka na dalili ziko palepale, bidhaa iachwe na fedha ziende kwenye kipimo cha kamera. Homa, damu inayoongezeka, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha mgonjwa usiku havisubiri wiki hizo kutimia.